Mwaka Niliowazuia Manahodha Mwaloni

Habari za kifo cha Bi Mwajuma zilinikuta shambani Magamba, jembe mkononi, na asubuhi ya pili yake nikawa ndani ya basi la kwenda ziwani. Nilifika ameshazikwa, kama nilivyotarajia, maana wenzetu Waislamu hawana mazoea ya kulaza maiti. Nikavua viatu mlangoni, nikakaa mkekani kati ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele, nikalia mpaka nikatosheka. Kisha mjukuu mmoja wa marehemu, binti mrefu aliyekuwa akigawa chai, akamwuliza mama yake huyu bibi aliyelia hivi ni nani. Mama yake akamjibu kwamba huyu ndiye Minza, yule Msukuma aliyewasimamia wanaume majini na mkuki. Mwingine akamsahihisha, akasema lilikuwa panga. Mama mmoja mnene aliyekaa karibu na mlango, ambaye sikumkumbuka hata kidogo, akasema kwa uhakika wote kwamba haukuwa mkuki wala panga, ilikuwa dawa niliyotoka nayo kwetu, nikaifunga kiunoni, ndiyo maana injini ya Kapteni ilizimika. Waliosikia wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Ungekuwa msiba wa mtu mwingine ningesimama nikagomba.

Kwa heshima ya marehemu niliiweka chai chini, nikaanza kuchambua mchele na wenzangu. Hilo la dawa liliniuma kuliko mkuki na panga, kwa sababu tafsiri yake ni moja tu: kwamba mwanamke hawezi kusimama mahali akakataa kusogea mpaka awe na kitu kiunoni. Sikuwa na kitu kiunoni. Nilikuwa na khanga ya kuazima na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti kwenye maji ya kina kifupi, nao haukuwa wangu. Ulikuwa wa Bi Mwajuma. Na kwa kuwa Bi Mwajuma hayupo tena wa kuwakatiza watu wanapotia chumvi, naona nisipoyaandika mimi yalivyokuwa, wataendelea kuyakuza mpaka siku moja waseme niliruka juu ya maji.

Nilifikaje ziwani nikiwa na miaka kumi na tisa ni habari ya ukoo, na habari za ukoo nimeziacha huko zilikobaki. Itoshe kusema nilishuka kwenye lori la mahindi lililotoka Kasekese, baada ya mavuno, nikiwa na ndala mguuni na mfuko wa michembe, vile viazi vilivyokaushwa ambavyo kwetu mtu hasafiri bila kuvibeba. Nilikuwa sijawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Bi Mwajuma alikuwa na kibanda cha chakula pale mwaloni, boti zinapotia nanga, chenye kuta za matete, paa la bati, mabenchi mawili na jiko la mawe matatu. Aliniangalia kuanzia ndala mpaka kichwani, akaniuliza kama najua kusonga ugali wa muhogo. Nikasema najua. Nilikuwa sijui, na alijua kuwa sijui, ila alikuwa na wateja wengi na mikono miwili tu. Jioni hiyo aliula ugali wangu wenye mabonge bila kusema neno, kisha akanionyesha pa kulala. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya nyumba yake, na ndani yake alikuwemo mpangaji mwingine aliyenitangulia, yaani injini ya boti. Ilikuwa imesimamishwa kwenye stendi ya mbao, imefunikwa khanga kuukuu kama mgonjwa wa homa. Kila alfajiri ilibebwa kwenda mwaloni na kila jioni ilirudishwa, na mwaka mzima nililala nikinusa petroli. Mpaka leo nikipita kituo cha mafuta pale Mpanda mjini nasikia usingizi.

Boti aliachiwa na marehemu mumewe. Ndugu wa mume walitaka aiuze, akakataa, akamwajiri nahodha, kijana mmoja mpole aitwaye Ramadhani, ikawa inabeba abiria wa vijiji vya pwani ya ziwa na, siku za sikukuu, watalii wetu wa kienyeji kutoka Mpanda. Hao walikuwa wanakuja kwa malori, kwaya za makanisa, wanafunzi, familia nzima na masufuria yao, wanataka kuzungushwa ziwani na kupelekwa kwenye mchanga mweupe uliokuwa nyuma ya rasi wakaoge na kupiga picha. Bi Mwajuma mwenyewe hakupanda boti ile. Alikuwa anaisimamia kutoka jikoni, huku akigeuza migebuka, samaki wa ziwa lile, kwenye mafuta, na Ramadhani akichelewa kidogo tu alikuwa anamwona kwa pembe ya jicho. Nilimwita Mama tangu wiki ya kwanza, na wiki ya pili akaanza kuniita mwanangu, ingawa neno hilo alilitumia zaidi anapotaka kunituma kuni.

Mwalo wenyewe haukuwa kitu. Siku hizi pamemwagwa zege, pana na bendera, lakini mwaka ule ulikuwa mteremko wa changarawe kati ya miamba miwili, upana wa boti tatu zikibanana. Boti zilizotoka na zilizoingia zilitumia mlango huo huo mmoja, na sheria ilikuwa ya mwenye nguvu. Mwenye nguvu alikuwa mtu tuliyemwita Kapteni, mmiliki na nahodha wa boti kubwa kuliko zote, mcheshi, mwenye sauti ya kuvuka maji. Kapteni akifika alikuwa anailaza boti yake katikati ya mteremko na kuja kula, taratibu, akimaliza anaomba maji ya kunawa mara ya pili, huku wenzake wakielea nje na abiria waliolowa. Hakuna aliyemgusa. Wanawake wa dagaa, wazee wenye mbuzi, mama aliyembeba mtoto mgonjwa, wote walikuwa wanashukia nje kwenye maji ya kifua, wakipitisha mizigo juu ya vichwa. Nyuma ya mwamba wa kulia palikuwa na mlango mwingine mwembamba ambao hakuna mwanaume aliyewahi kuupita, kwa sababu hapo ndipo sisi wanawake tulipooshea vyombo na kufulia. Niliosha masufuria pale kila siku, nikajua kina chake kwa miguu yangu, jiwe kwa jiwe.

Sasa nieleze kosa langu, maana lilikuwa kosa kweli na sitalikwepa. Ilikuwa wiki mbili kabla ya Pasaka. Ramadhani alikuwa anaumwa malaria, Bi Mwajuma akanituma niende kuifunga boti vizuri kwenye nguzo ya mwaloni kwa sababu wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa Kongo. Nikaenda, nikaifunga kwa namna pekee niliyojua kufunga kitu chenye thamani. Kwetu ndama hufungwa kamba fupi, fundo chini kabisa ya kigingi, asiweze kumfikia mama yake kabla hajakamuliwa. Ukimwachia kamba ndefu umekula hasara ya maziwa. Niliifunga boti ya Bi Mwajuma kamba fupi, fundo chini kabisa, nikaipigapiga ubavuni, nikaondoka nikijisifu. Wote waliokulia ziwani wanaosoma hapa wameshashika vichwa. Boti inatakiwa kupanda na wimbi, na kamba yangu iliibana pua isinyanyuke. Upepo ulipokuja na mvua, kila wimbi liliingia ndani, na kulipokucha boti ilikuwa imejaa maji, imekaa chini pale pale kwenye mlango wa mwalo, kama jiwe lililowekwa makusudi. Siku ile hakuna aliyetoka wala kuingia mpaka alasiri. Wanaume ishirini waliichota maji na kuivuta, na kila mmoja alikuwa na neno la kuniambia. Bi Mwajuma hakunigombeza. Alinipeleka kwenye boti nyingine, akanionyesha urefu wa kamba yake, akaniacha nikiiangalia mpaka niliposhindwa kuzuia machozi.

Niliyoyasikia siku tatu baadaye ndiyo yaliyoyakausha machozi hayo. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete nikimenya muhogo, na upande wa pili walikuwa wanakula Kapteni na mwenyekiti wa kamati ya mwalo. Walikuwa wanakula samaki wetu. Kapteni alisema jambo la kamba ni bahati, kwamba boti ile ilikuwa inamkera tangu zamani, inachukua nafasi kwenye mteremko, na sikukuu ikifika kila abiria anayepanda huko ni abiria aliyepotea. Mwenyekiti akasema itakuwa vigumu, mjane yule anapendwa. Ndipo Kapteni akasema maneno ambayo sikuyasahau: "Boti isiyo na mwanaume haina zamu hapa. Mwambie ni usalama, atasema nini?" Wakacheka, wakaomba mchuzi wa kuongezea. Nilimpelekea mchuzi mimi mwenyewe, na kwa hasira nusu yake nikaimwagia benchi.

Barua ya kamati ilikuja kesho yake, imeandikwa usalama mara tatu. Boti ya Bi Mwajuma ilikuwa imezuiwa kutumia mwalo mpaka kamati itakapokaa baada ya Pasaka na kuamua kama iondoke moja kwa moja. Nilimweleza niliyoyasikia. Akaikunja barua, akaichomeka kwenye matete juu ya jiko, akaniambia nisimwambie mtu. Lakini kibanda peke yake kilikuwa hakimtoshi mtu kuishi, na mwalo uliofuata ulikuwa mwendo wa nusu siku. Bila mteremko ule angeuza boti, na ndugu wa mume walishaanza kupita kumsalimia mara kwa mara kuliko kawaida. Nilijua hayo yote, na nilijua fundo alilifunga nani. Jumapili ya Pasaka hatukula vizuri.

Jumatatu ya Pasaka malori yalianza kufika kabla jua halijawa kali. Nilihesabu sita nikaacha. Kwaya zilishuka na sare zao za samawati na ngoma zao, wanafunzi, wamama na watoto mgongoni, hata familia za wafugaji kutoka upande wa Ugalla, wazee na fimbo zao, wamekuja kuona maji yasiyo na ng'ambo kama nilivyoyaona mimi. Boti zilikuwa tisa, na zote zilitaka mteremko kwa wakati mmoja. Boti ya Bi Mwajuma ilikuwa imevutwa juu kwenye mawe, tupu, na Ramadhani amekaa juu yake na mikono mapajani. Kufikia saa nne hakukuwa na boti iliyoweza kusogea. Kapteni alikuwa amelala katikati kama kawaida, mbili zimembana ubavuni, nyingine tano zimeziba mlango kwa nje, moja imekaa kimshazari na abiria wanapiga kelele. Mwalimu wa kwaya mmoja alivuka kutoka boti moja kwenda nyingine, zikaachana chini yake, akaenda majini na ngoma yake. Watu walicheka. Kisha boti zile zikarudiana, na msichana wa kwaya aliyekuwa ameshika ukingo akauvuta mkono wake dakika ya mwisho kabisa. Nilikuwa karibu, niliusikia ule mgongano wa mbao. Msichana alikuwa anautazama mkono wake kana kwamba si wake. Hakuna aliyecheka tena, ila pia hakuna nahodha aliyerudi nyuma hata kidogo, kila mmoja anamwambia mwenzake arudi yeye.

Nataka ieleweke kwamba sikuwa na mpango. Watu wanaosimulia habari hii wananipa akili nyingi nisizokuwa nazo. Nilichokiona kilinichefua kwa sababu nilikuwa nakijua. Huko kwetu wakati wa kiangazi ng'ombe wa kijiji kizima wanakunywa kwenye lambo moja, na wangeachwa wanywe kama manahodha wale walivyokuwa wanatia nanga, kila siku tungekuwa tunazika ndama waliokanyagwa. Kwa hiyo makundi husubiri juu, mbali na maji. Kundi moja linashuka, linakunywa, na halirudi lilikopitia, linatokea upande wa pili. Mlangoni anasimama mtu mmoja na fimbo. Akiilaza fimbo njiani, hakuna anayepita, hata awe na ng'ombe mia tano, mpaka aiinue. Mara nyingi anayesimama ni msichana, maana wanaume wana kazi ya kuzuia makundi huko nyuma. Mimi nilisimama mlangoni mwa lambo tangu nikiwa na meno ya utoto. Nilichukua upondo kwenye boti ya Bi Mwajuma, Ramadhani akiniuliza naenda nao wapi, nikaingia majini.

Sikujua kuogelea, na sijui mpaka leo. Maji yalinifika kiunoni, kisha kifuani nilipofika kwenye mlango. Niliulaza upondo juu ya maji, ncha moja kwenye mwamba wa kushoto, nyingine nimeishikilia. Nikapiga mluzi, ule wa kusimamisha ng'ombe, na nikawapigia kelele walio nje warudi nyuma wote, wakae mbali, wapangane walivyofika. Waliniangalia kama kichaa. Mmoja akauliza huyu si yule aliyezamisha boti. Nikasema ndiyo, ni mimi, na rudi nyuma. Kisha nikawaambia wale watatu waliokuwa kwenye mteremko watoke na abiria wao kwa mlango wa wanawake, nyuma ya mwamba wa kulia, injini zikiwa zimezimwa, wasukume kwa upondo, kina kipo. Hapo ndipo walipocheka kweli. Wakasema hawawezi kupita kwenye maji ya masufuria.

Aliyebadilisha mambo hakuwa mimi. Alikuwa mzee mmoja wa wale wafugaji, aliyekuwa anawaongoza wake zake na watoto kuelekea boti ya Kapteni. Alipouona ule mti umelala juu ya maji na msichana ameushika, alisimama palepale, kama alivyosimama maisha yake yote. Akageuka akawaambia watu wake, na kila aliyekuwa nyuma yake: "Nyie, simameni. Fimbo imelazwa." Hakuuliza mimi ni nani. Wafugaji wote waliokuwa kwenye mstari wakasimama, na walivyosimama wao, kwaya zilizokuwa nyuma hazikuwa na pa kupita. Ghafla manahodha walikuwa na boti na hawakuwa na abiria. Mmoja wa wale waliombana Kapteni akaona heri aende, akazima injini, akasukuma kupitia mlango wa wanawake, akatoka salama upande wa pili huku akishangaa. Wa pili akamfuata.

Akabaki Kapteni. Yeye hakutaka mlango wa wanawake. Aliigeuza boti yake, akawasha injini, akaja moja kwa moja kwenye upondo wangu. Nasema yaliyokuwa, kwa hiyo nitasema pia kwamba nilijikojolea humo majini, na namshukuru Mungu kuwa maji hayasemi. Pua ya boti ile ilikuwa ndefu kuliko mimi. Aliniambia, "Toka, we binti, nitakupitia." Nikamwambia, "Nipitie." Sikuwa na neno lingine. Nisingeweza kukimbia hata kama ningetaka, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umekwama kati ya mawe. Pua iligusa upondo, upondo ukanigonga kifua, nikaanguka chali, nikanywa maji, nikainuka bado nimeushika. Nilipofumbua macho injini ilikuwa kimya. Hakuna dawa iliyoizima. Aliizima Kapteni kwa mkono wake mwenyewe, niliuona mkono ule ukiwa bado juu ya swichi, na uso wake ulikuwa na hofu kuliko wangu. Nimemchukia mtu yule kwa mambo mengi, lakini mkono ule nitausema vizuri siku zote. Alishika upondo wake, akasukuma kulia, akapita kwenye maji ya masufuria bila kumtazama mtu.

Baada ya hapo ilikuwa kazi tu. Moja inaingia kushoto, inashusha, inapakia, inatokea kulia, nami nainua upondo na kuulaza. Zilizobaki zilisubiri mbali, zimepangana. Nilipoinua macho kuangalia mwisho wa mstari niliona boti ya kumi. Bi Mwajuma alikuwa ameacha samaki kwenye mafuta, amewaomba wafugaji wamsaidie kuisukuma boti yake kutoka kwenye mawe, na alikuwa amekaa mbele kabisa, yeye ambaye hakupandaga boti, ameshika kingo kwa mikono miwili na macho ameyafumba. Amezuiwa kwa barua na amejipanga wa mwisho. Zamu yake ilipofika niliinua upondo kama nilivyowainulia wengine, na hakuna nahodha aliyesema kitu, maana kila mmoja alikuwa na zamu yake ya pili anayoilinda. Niliganda mle majini mpaka alasiri, na jioni vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana mpaka sikuweza kusonga ugali. Alinisongea yeye. Nilikula migebuka mitatu.

Kamati ilikaa Jumatano. Asubuhi yake mwenyekiti alimtuma mtu kutuambia mambo yatakavyokwenda. Utaratibu wa zamu wameupenda na wataendelea nao, na boti ya Bi Mwajuma itarudishiwa mwalo, kwa sharti moja dogo: yule binti apige magoti mbele ya manahodha na kuomba msamaha kwa kuwalazia fimbo wanaume wazima. Nilikuwa tayari. Siwezi kujifanya shujaa hapa, nilikuwa tayari kabisa, goti ni goti, na boti ni maisha ya mtu. Nilishaanza hata kutafuta maneno. Bi Mwajuma alikuwa anapepeta unga, hakuinua kichwa. Alisema, "Kamba uliifunga wewe, mwanangu, kwa hiyo kaombe radhi ya kamba. Ukipiga magoti kwa lile la majini, mimi boti naiuza leo leo, na wewe usirudi kulala kwangu." Nikamwuliza kwa nini, akasema boti atakayoipata kwa magoti yangu hataweza kuiangalia.

Chumba cha kamati kilikuwa na dirisha moja lililotazama ziwa, meza, na wanaume saba, Kapteni akiwa kwenye kona. Kilinuka dagaa kwa sababu mwenye nyumba alihifadhi magunia yake humo. Bi Mwajuma alikaa kwenye kigoda pembeni yangu na khanga yake mpya. Niliomba msamaha kwa kamba. Nilieleza habari ya ndama, wawili wakacheka, nikasema nilikosa, nilizuia kazi za watu siku nzima, na haitatokea tena. Nilisema kwa moyo wote na nilisema nikiwa nimesimama. Wakangoja. Mwenyekiti akauliza, "Na la majini?"

"La majini siombi," nikasema.

Mwenyekiti alichomeka kalamu yake mfukoni, akamgeukia Bi Mwajuma, akasema kwa masikitiko, kama mtu aliyelazimishwa, kwamba basi, shemeji, boti inabaki imezuiwa. Bi Mwajuma aliinuka, akajitanda khanga vizuri. Hakupandisha sauti. Akasema boti yake iko kwenye mstari sasa hivi, tangu asubuhi, ni ya nne, na anayeizuia atoke akaitoe. Wote saba wakageuka dirishani. Mstari ulikuwepo nje, boti saba zimetulia mbali na mlango, na ya nne ilikuwa yake, Ramadhani akiwa amesimama ndani. Niliwaona wakihesabu. Ukimtoa wa nne, wa tano anasema yeye ni wa nne, wa sita anabisha, na kabla hujafika majini watu wameshabanana mlangoni upya. Ya tano ilikuwa ya mwanakamati aliyekaa karibu na mlango. Ya sita ilikuwa ya Kapteni, ameachiwa kijana wake, imejaa abiria. Kapteni aliangalia kwa muda mrefu, akajikuna kidevu, akasema yeye hatoki, mwenye kutaka atoke. Hakuna aliyetoka.

Mwenyekiti akatangaza kwamba shauri limeahirishwa hadi Jumatano inayofuata, ambapo nitaitwa nimalizie. Jumatano hiyo sikuitwa, wala iliyofuata, na niliishi pale mpaka mavuno mengine yakapita, nikaolewa, nikahamia Magamba, nikazeeka. Shauri lile halijafungwa. Bi Mwajuma ameshazikwa, kwa hiyo wakiniita nitakwenda peke yangu, nitasimama, na la majini siombi.